Naombeni ushauri: wale askari wawili kwenye On Your Mark walikufa au walitoka salama?

Mwana wa Kigamboni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Niko mwaka wa pili, nasomea mawasiliano ya umma. Mhadhiri ametupa kazi: kila mmoja achague video ya muziki isiyo na mazungumzo, aeleze kisa kilichojificha ndani yake, kisha aitetee tafsiri yake mbele ya darasa. Nikachagua On Your Mark, ile katuni aliyoiongoza Hayao Miyazaki wa Studio Ghibli, studio ya katuni ya Japani, mwaka 1995 kwa wimbo wa Chage and Aska, wanamuziki wawili wa Kijapani. Haifiki dakika 7, nikajua nimelamba dume. Kumbe nimejitwisha zigo.

Kwa ambao hawajaiona, iko hivi. Jiji la baadaye, usiku. Polisi wanavamia jengo la dhehebu fulani, risasi zinarindima, waumini wanakufa kama kuku wa kideri. Katikati ya maiti askari wawili wanamkuta binti mwenye mabawa. Halafu watu wenye mavazi ya kujikinga mwili mzima wanakuja kumbeba, wanampeleka maabara. Roho inawauma wale askari. Wanapanga, wanaingia maabara, wanamwiba, wanakimbia naye kwa lori. Barabara ya juu inabomoka, lori linaporomoka nao.

Hapo ningefunga daftari. Lakini picha zinarudi nyuma, tukio linaanza upya, na safari hii lori linapaa badala ya kuanguka. Wanapona, wanatoka nje ya jiji kwa gari la wazi, binti anaruka angani.

Sasa niende na ipi? Hosteli tumegawanyika, wengine wanasema walikufa pale barabarani na yaliyofuata ni ndoto tu. Naombeni mwongozo. Matusi sitaki, nina presha ya mhadhiri tayari.

Kisiki cha Mpingo

Katuni hiyo dogo. Andika walipona, chukua maksi zako, lala.

Mama Zuhura

Usimvunje moyo mtoto wa watu, Kisiki.

Mwanangu, mimi niko upande wa waliokufa. Angalia vizuri: lile tukio la gari la wazi na binti kushikwa mikono halafu kuachiwa, huwa halisubiri mwisho. Tunaonyeshwa vipande vyake mapema, wakati binti bado yuko mikononi mwa wale wa maabara. Mambo ambayo bado hayajatokea yanaonekanaje? Yanaonekana kwa sababu mtu anayawaza. Wale askari wamerudi kazini, wanakula, wanakunywa, lakini kichwani wameshamtoa. Kwa hiyo lori linapoanguka, ile ya pili ni wazo lilelile linaendelea. Wamekufa, kilichobaki ni hamu yao.

Jicho la Kamera

Mama Zuhura umesema vizuri, ila nadhani nyote mnawaangalia watu mkasahau mahali walipo.

Dogo, irudishe video mwanzo kabisa, zile sekunde za kabla ya uvamizi. Hakuna jiji pale. Kuna kijiji, nyumba tupu, majani yameota hadi kwenye njia, anga safi. Ukisimamisha picha utaona kwa mbali jengo kubwa mno, la ajabu, halifanani na kitu chochote cha kijijini. Aliyewahi kuona picha za Chernobyl anashtuka papo hapo, maana kinu cha nyuklia namba 4 kilipolipuka Aprili 1986 kilifunikwa kwa jengo la chuma na zege la aina hiyo, na vijiji vya jirani vikahamwa vikabaki na miti. Kwa hiyo uzuri ule wa mwanzo si salama. Watu hawakukimbilia mjini kutafuta maisha, wamejifungia huko chini kwa sababu huku juu panaua.

Halafu nenda mwisho. Wanapotoka kwenye handaki wanapita vibao vya onyo, vimeandikwa kwa Kiingereza, vinaonya juu ya hatari kubwa na hata juu ya mwanga wa jua. Video haivikazii macho, vinapita tu. Ukikosa vile vibao umekosa nusu ya kisa.

Sasa linganisha mavazi. Kwenye uvamizi askari wamevaa kofia ngumu na vinyago vya kufunika uso. Maabara kila mtu kajifunika. Mwisho kabisa, sehemu yenye hatari kuliko zote, wale wawili wako kichwa wazi, uso wazi, ndani ya gari lisilo na paa, na wanacheka. Hakuna mtu anayesahau kinyago bahati mbaya mahali kama pale. Wanajua walichoamua.

Kwa hiyo swali la kuwa walianguka au hawakuanguka kwangu ni dogo. Toleo la kwanza wanakufa wakiwa hawajamtoa. La pili wanamtoa, na bei wanailipa palepale, taratibu. Tazama gari linavyofanya baada ya binti kupaa: linaacha barabara, linaingia majanini, linasimama. Hatuonyeshwi mtu akishuka.

Mwana wa Kigamboni

Jicho la Kamera, mkuu, umenifanya niirudie usiku huu na bando lenyewe la mawazo. Ya gari kusimama majanini nilidhani wamefika tu.

Swali lingine: kuna jamaa darasani anasema lile dhehebu ni Aum Shinrikyo, wale waliotia gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo. Niitumie?

Korosho Mbichi

Tumia, itanoga.

Mzee wa Nyaraka

Tahadhari hapo. Shambulio la Tokyo lilikuwa tarehe 20 Machi 1995. On Your Mark iliingia kumbi za sinema Julai 1995, ikionyeshwa pamoja na filamu ya Ghibli ya Whisper of the Heart, na wimbo wenyewe ulitoka 1994. Katuni ya kuchorwa kwa mkono haitungwi Machi ikawa tayari Julai. Sema hivi: mtazamaji wa Japani wa majira yale alipoona polisi wakivamia dhehebu, akili ilikwenda Aum moja kwa moja, kwa kuwa taarifa za habari zilijaa jambo hilo. Hilo ni kweli na linatosha. Ukisema aliichora kwa sababu ya Aum, mhadhiri mwenye kalenda atakumaliza.

Kitu chenye uzito zaidi ni kwamba Miyazaki mwenyewe alisema wazi alipindisha maneno ya wimbo kwa makusudi. Kwa hiyo wale wanaotafuta majibu kwenye tafsiri ya mashairi wanapoteza muda, mchoraji alishaachana nayo. Na kumbuka alikuwa ametoka tu kumaliza, mwaka 1994, katuni yake ndefu ya kusoma (manga), Nausicaä, aliyoianza 1982, dunia iliyojaa sumu na watu wanaojaribu kuishi ndani yake. Mawazo yale yalikuwa bado ya moto.

Mama Zuhura

Hata hivyo hamjanijibu kwa nini irudie. Kama angetaka kusema wanalipa bei, angewatoa mara moja tu.

Jicho la Kamera

Ni hoja, dada. Mimi naiona hivi: anakuonyesha kwanza mwisho wa kawaida, wa mnyonge kushindana na dola. Ukishaukubali ndipo anakataa kuuacha ukae. Ya pili ni yeye mchoraji akiingilia kati mchana kweupe, hata hajifichi. Lori lina mitambo ya kuruka ghafla! Ila sikulazimishi.

Mama Zuhura

Mchoraji akiingilia kati ndiyo ndoto yenyewe, ila umeivalisha suti.

Mwalimu Mstaafu

Kijana, nimefundisha fasihi muda mrefu, nikushauri upande wa kuwasilisha. Usisimame mbele ukasema "ujumbe wa video hii ni". Mhadhiri hajaomba ujumbe, ameomba utetee. Onyesha mpaka lori linapoporomoka, simamisha. Waache wenzako waseme nini kimetokea. Halafu endelea. Ubishi utakaozuka ndio kazi yako itakayokupa maksi. Baada ya hapo leta ushahidi mmoja tu na uukamue: ama vibao vya handaki, ama vinyago. Mwanafunzi anayeleta vitu vyote hukimbizana na saa.

Na ukichagua upande wa Mama Zuhura, uwe na jibu la vibao. Ukichagua upande wa Jicho, uwe na jibu la kwa nini gari la wazi linaonekana mapema. Watakuuliza hapohapo.

Mwana wa Kigamboni

Shikamoo mwalimu, nimekuelewa. Naenda na vinyago. Kuhusu gari kuonekana mapema nitakubali kwamba ni wazo la askari, lakini wazo lililotangulia tendo, maana mtu hupanga kabla ya kutenda. Mama Zuhura, nitakutaja kama upande wa pili, bila jina.

Kisiki cha Mpingo

Nimeiangalia. Nyie watu mna shida. Ila kweli hakuna anayeshuka kwenye gari.

Korosho Mbichi

Naitafuta kwenye boksi la filamu za Miyazaki, haimo. Inakuwaje?

Mzee wa Nyaraka

Iliondolewa kwenye mkusanyiko ule mwaka 2014, baada ya Aska kukamatwa kwa kesi ya dawa za kulevya. Dogo, kwa kazi yako tafuta nakala yenye picha safi, na uipakue nyumbani kabla. Kwenye zile za ubora wa chini vibao vya handaki havisomeki kabisa, utabaki unawaambia watu "pale pameandikwa" na wao wanaona ukungu.

Mwana wa Kigamboni

Nimeshaipata iliyo safi. Vinasomeka. Nawasilisha Jumatano, nitaleta mrejesho.