Mtoto ana miezi 20, uzito mzuri, ila hasemi. Nisubiri au nimpeleke?

Karani wa Mizani, Tandahimba

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Nina kijana wangu wa kwanza, mwezi huu katimiza miezi 20. Kwenye kadi ya kliniki hajawahi kutoka kwenye kijani tangu azaliwe. Chanjo zote kapata, hata ile ya surua ya miezi 18. Anatembea, anakimbiza kuku, na ming'oko anakula kunizidi mimi baba yake. Shida ni moja: hasemi. Akitaka kitu anakuvuta mkono au anapiga kelele. Neno la kueleweka hana. "Mama" anaitamka siku akijisikia, na siku hiyo anaweza kumwambia mbuzi. Mtoto wa jirani waliyezaliwa naye mwezi mmoja anaongea mpaka anamsuta bibi yake.

Nyumbani kwangu kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema ni udata, akakatwe chini ya ulimi, na mkataji anamfahamu, yuko Newala. Mama yangu mzazi, ambaye ndiye anashinda na mtoto, hasemi wazi, lakini jicho analonitupia ni la kwamba nimembemenda, maana msimu uliopita nililala sana ghalani. Mke wangu anasema watoto wa kiume huchelewa, tusubiri afike miaka mitatu. Kliniki niliuliza. Wakamtundika kwenye mizani, wakaandika, wakaniambia mtoto mzima huyu baba, njoo mwezi ujao.

Sasa mimi mizani ndiyo kazi yangu. Napokea korosho chama cha msingi, na najua kilo za gunia hazikuambii daraja. Daraja linajulikana pale wanapotoa sampuli, wakapima unyevu, wakakata punje kuona ndani. Kwa mtoto je, kipimo hicho cha pili kipo? Nani anakifanya, na mtu wa huku kwetu anakipata wapi?

Dalali wa Kitangari

Kaka tulia. Mimi nimeanza kusema nina miaka minne, na leo napiga mnada asubuhi mpaka jioni, hawaninyamazishi. Halafu mnamchanganya wenyewe: bibi anaongea Kimakonde, nyie Kiswahili, simu inamwonyesha katuni za Kiingereza. Ashike lipi aache lipi?

Nesi Mstaafu, Mtwara mjini

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi upande wa mama na mtoto tangu zahanati ya kijijini mpaka hospitali, na swali lako natamani wangeuliza akina baba wengi.

Kipimo kipo. Hakina sindano wala mashine. Mhudumu anakaa chini na mtoto, anacheza naye huku anamtazama, na anamuuliza mlezi. Anaangalia mwili (kukaa, kusimama, kutembea), mikono na vidole (kuokota punje kwa vidole viwili, kubebanisha vizibo), lugha, yaani kuelewa pamoja na kusema, na namna anavyoishi na watu: anaiga, anacheza, anajilisha? Wenzetu wa Malawi walijitengenezea chao, kikachapishwa 2010, kina vipengele 136, kwa sababu vile vya Ulaya vilikuwa vinamuuliza mtoto wa kijijini habari za vitu asivyowahi kuviona. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa chake 2023, na Pemba ni mojawapo ya mahali kilipojaribiwa. Hapa nchini tuna Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Kwenye karatasi mambo ni mazuri sana. Kwenye foleni iliyofika nje ya mlango, na nesi yuko peke yake, kinachobaki ni uzito. Siwatetei, nakueleza ilivyo.

Uelewe pia kwamba uchunguzi huu haumpi mtoto jina la ugonjwa. Unasema tu huyu aendelee, huyu tumtazame tena, huyu apelekwe mbele. Watu wengi wanaukimbia wakidhani wataambiwa mtoto taahira.

Hayo ya "kila mtoto na wakati wake" ni kweli, ila wakati huo una mpaka. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wazima wa nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo. Kuna waliotembea wenyewe wana miezi 8 na siku kidogo, kuna waliofika 17 na nusu. Wengine, kama 4 katika kila 100, hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Kwa hiyo mtoto wa jirani asikunyime usingizi. Lakini aliyepita miezi 18 hajatembea, hatusubiri tena. Na kwa maneno, wa miezi 18 wengi wanajaribu matatu au zaidi ukiacha mama na baba, wa miaka miwili wanaunganisha mawili: "maji hapa", "baba kaenda". Marekani madaktari wa watoto wanatakiwa wamchunguze kila mtoto akiwa na miezi 9, 18 na 30, hata kama mzazi hana wasiwasi wowote. Wako ana 20 na wewe wasiwasi unao. Miaka mitatu ya nini?

Udata msikate! Udata wa kweli husumbua kunyonya, na baadaye pengine herufi mojamoja. Haumnyang'anyi mtoto maneno yote. Wembe wa huyo mtaalamu wa Newala unaweza kuwaletea damu isiyokatika na pepopunda juu yake. Na hilo la kubemenda, mwanangu, mtoto hachelewi kusema kwa sababu baba kalala ghalani. Kama kuna kesi nyingine ya ghalani, hiyo ni yako na mkeo.

Sasa nijibu. Anakunyooshea kidole kukuonyesha kitu, si kukiomba tu? Ukimwambia "lete kiatu" bila kukionyesha kwa mkono, analeta? Ukimwita amekupa mgongo, anageuka? Kuna jambo alikuwa analifanya sasa kaliacha? Alipozaliwa alilia hapohapo, alipata manjano? Masikio yamewahi kutoa usaha?

Karani wa Mizani, Tandahimba

Mama nashukuru. Kesi ya ghalani haipo, naapa.

Kidole ananyoosha, ndege ikipita juu ananitafuta mpaka na mimi niione. Watu anawapenda. Hakuna alichokiacha. Alizaliwa muda wake, akalia hapohapo, manjano hakupata. "Lete kiatu" tumejaribu jana jioni: nikionyesha kwa mkono analeta, nikisema tu ananitazama mdomo. Kuitwa ndiyo kuna maneno. Akiniona anaitika vizuri, akinipa mgongo mpaka nipaze sauti sana. Nyumbani wanasema ni kiburi, karithi kwa babu yake. Na usaha, ndiyo, masika yote sikio la kushoto lilikuwa linatoa. Bibi akawa anadondoshea mafuta ya nazi, linakauka, linarudi. Sasa hivi limerudi.

Mwalimu wa Awali, Masasi

Naomba nimjibu Dalali kidogo. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Ukitaka kujua ana maneno mangapi, hesabu ya Kimakonde na ya Kiswahili pamoja, neno la bibi nalo ni neno. Mwambieni bibi aendelee, anaongea na mtoto kutwa nzima, nani mwingine anafanya hivyo? Ya kupunguza ni simu. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 ni kwamba mtoto wa umri huo asiwekewe skrini kabisa.

Na hilo la kiburi limenigusa. Darasani naletewa watoto wa miaka mitano wenye sifa ya utukutu na usugu. Wengine nikiwahamishia mbele tu, utukutu unaisha. Walikuwa hawanisikii.

Mama wa Lindi

Wangu alikuwa hashiki shingo, majirani wakaniambia mtoto mvivu. Ni mtindio wa ubongo. Alipofika kwa mtaalamu wa mazoezi tiba alikuwa kashakuwa mkubwa, na miguu imeanza kukakamaa. Leo anakaa, anajilisha uji kwa kijiko, na ananitania. Nilichojifunza ni kuomba wanifundishe mazoezi ya kufanya nyumbani, sio kutegemea yale ya hospitali peke yake, maana hospitali iko mbali.

Kaka, chini ya miaka mitano matibabu kwenye vituo vya serikali ni bure kwa sera, lakini nauli hakuna sera yake. Jipange, na uwe na akiba ya hela ya dawa, kuna siku dirishani wanakwambia hakuna.

Nesi Mstaafu, Mtwara mjini

Karani, hayo ndiyo nilikuwa nayatafuta. Masikio kwanza.

Mtoto akikuangalia mdomo, akifuata mkono lakini hafuati sauti, na sikio linatoa usaha unaorudi, sisemi ni kiziwi. Nasema apimwe kabla mtu hajagusa ulimi wake. Usaha ukipita siku 14 tunauhesabu ni sugu, na mara nyingi ngoma ya sikio inakuwa imetoboka. Anasikia, lakini kama mtu aliyeko chumba cha pili: anajua mnaongea, hajui mnasema nini. Ataigaje maneno?

Mafuta ya nazi yaachwe leo, na maziwa ya mama yasiwekwe humo, najua bibi atakuja na hilo. Sokota kitambaa safi cha pamba kama utambi, weka taratibu sikioni, kikilowa toa weka kingine, mpaka pakauke. Usimwachie pamba ndani. Maji ya kuoga yasiingie.

Anza kituo cha afya, wamwangalie ndani ya sikio kwa kile kifaa chenye taa na wamwanzishie dawa. Omba rufaa uende hospitali ya wilaya, na wao wakiona inabidi wakupeleke Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Mtwara. Ukifika usiseme tu "hasemi", maana utajibiwa atasema. Sema hivi: ana miezi 20, hana neno, sikio limetoa usaha tangu masika, akinipa mgongo hageuki, naomba achunguzwe makuzi na apimwe usikivu. Kupigiwa makofi nyuma ya kichwa usikubali kuwa ndicho kipimo, mtoto huhisi upepo na huona kivuli. Hata sikio likipona, arudi kutazamwa lugha yake. Kunyoosha kidole na kupenda watu kunanipa matumaini, lakini mimi niko kwenye simu, sijamwona.

Nendeni na bibi. Wewe unamwona mtoto jioni, yeye anajua anavyofanya mchana. Na kwa sasa, mkiongea naye shukeni mpaka usawa wa uso wake, upande wa sikio zima, tajeni kile alichokishika, halafu mnyamaze kidogo apate nafasi ya kujibu.

Karani wa Mizani, Tandahimba

Nimekuelewa mama. Minada inafunguliwa Oktoba, mizani ikishaanza sitoki, kwa hiyo ni wiki hii. Bibi kakubali, ila kasema kwenye bodaboda hapandi, tutafute gari. Swali la mwisho: niende siku ya kliniki ya watoto au siku yoyote?

Nesi Mstaafu, Mtwara mjini

Siku ya kliniki usiende, utarudishwa kwenye mizani. Nenda siku ya kawaida, mapema, ukae foleni ya wagonjwa. Sikio linalotoa usaha ni ugonjwa, watakupokea. Kadi usiisahau, na chochote watakachokuambia waambie wakiandike humo na tarehe.