Naomba ushauri: kidonda kwenye puru (mwisho wa utumbo mpana), si saratani wala amiba

Wakuu habari zenu. Naomba msaada, hasa kwa madaktari na waliowahi kupitia hili.

Mdogo wangu, miaka 27, anatokwa na damu mbichi na ute akienda haja kubwa. Anajikamua chooni muda mrefu, na akitoka anahisi bado hajamaliza. Mwanzo aliambiwa ni bawasiri, akapewa dawa za kupachika. Baadaye amiba, akameza metronidazo. Wapi! Choo kimepimwa, hakuna amiba wala kichocho.

Mwezi uliopita akaingizwa kamera. Kimeonekana kidonda kimoja, hakina kina, ukuta wa mbele wa puru. Mimi nikawaza saratani moja kwa moja. Kinyama kilichokatwa hakina saratani. Ripoti inasema nyuzi za misuli zimepanda hadi kwenye utando wa ndani. Daktari anashuku kidonda pweke cha puru, kutokana na kule kujikamua. Kampa dawa ya kulainisha choo, ale mboga na matunda, asikae chooni na simu.

Je, majibu hayo yanatosha, au apigwe kwanza eksirei ya wakati wa kujisaidia, kuona kama puru inajikunja kwa ndani? Na yale mazoezi ya kufundisha misuli ya haja kulegea, kwa hapa Dar nimuulizie mtaalamu gani?