Kampuni zinazochangia programu huria zinawinda nini?

Mtoa mada: Wakuu, kampuni ikitangaza kwamba programu yake ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kusoma, kubadili na kusambaza msimbo (maandishi yanayoiunda), wengine wanashangilia, wengine wanauliza inawinda nini. Mimi niko na wanaouliza, ila naona tunauliza vibaya. Nia ya kampuni huwezi kuipima. Mkataba wa wachangiaji unaweza kuusoma. Watu wa nje waliochangia Terraform, programu ya kampuni ya HashiCorp ya kuandaa seva kwa msimbo, walisaini mkataba ulioipa HashiCorp ruhusa ya kutoa kazi yao kwa leseni nyingine, na Agosti 2023 ikaitumia: leseni mpya inawazuia washindani. Waliokasirika walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaanzisha OpenTofu. Linux, mfumo endeshi huria, haina mkataba wa namna hiyo. Kila mmoja, au mwajiri wake, anabaki na hakimiliki ya alichoandika, chini ya GPL, leseni inayodai kila toleo linalosambazwa libaki huria, ndiyo maana Intel, Google na Red Hat zinalipa watu waiandike lakini hakuna hata moja inayoweza kuifunga.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mkataba peke yake hautoshi. Redis, programu ya hifadhidata, ilikuwa chini ya BSD, leseni inayomruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuendelea nao kwa masharti yake. Ilipobadili leseni Machi 2024 haikuhitaji saini ya mtu. Soma na leseni yenyewe.

Mchangiaji wa pili: Mnamsema anayefunga tu, anayevuna bila kupanda hamumgusi. Kampuni ya Elastic ilibadili leseni mwaka 2021 ikilalamika kwamba Amazon inauza huduma ya Elasticsearch, programu yake ya utafutaji. Amazon ikajibu kwa OpenSearch, nakala iliyoendelezwa kutoka toleo la mwisho lililokuwa huria, chini ya leseni huria ya Apache. Yaani wakati huo mtuhumiwa ndiye aliyebaki na toleo huria! (Hapo nia njema iko wapi, sijui.) Halafu kumbukeni Heartbleed, kasoro ya usalama iliyogunduliwa 2014 ndani ya OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano. OpenSSL ilikuwa inalinda sehemu kubwa ya intaneti, ikitunzwa na watu wachache mno. Fedha zilizokuja baadaye zilitoka kwa kampuni hizi hizi mnazozishuku.

Mtoa mada: Fedha zije, nani kakataa? Shida ni hakimiliki yote, au ruhusa ya kubadili leseni, kukaa mkono mmoja, maana mkono huo huuzwa. Oracle ilipoinunua kampuni ya Sun mwaka 2010 iliipata MySQL, hifadhidata huria, pamoja na hakimiliki yake, na HashiCorp sasa ni mali ya IBM. Hata ukimwamini mwenye mradi wa leo, mnunuzi wake humjui. Anayefahamu kampuni iliyoanzisha mradi kisha ikakataa kushika hakimiliki ya wachangiaji au ruhusa hiyo aitaje hapa, tuusome mkataba wake pamoja.