Galatoni la marehemu mjomba: nilitengeneze, na nimwachie nani?

Mzee wa Ngamiani (Tanga)

Assalamu alaykum, na salamu kwenu nyote.

Nina magita matatu, lakini linaloninyima usingizi ni moja. Ni galatoni, yaani gita la mbao la chapa ya Gallotone, ambalo marehemu mjomba wangu alilinunua Mombasa mwaka 1958, alipokuwa kuli bandarini, akaja nalo Tanga likiwa limeviringishwa katika kanga za mkaza mjomba kwa sababu hakuwa na fedha za kununulia mfuko. Alilipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, akifuatisha sahani za santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, na juu ya gita hilo ndipo nami nilipojifunzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyuzi zilipoadimika madukani, uzi wa kwanza ulikatika naye akafumua waya wa breki ya baiskeli, akachomoa unyuzi mmoja na kuufunga mahali pake. Waya huo ulikula mbao, na hadi leo daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi usoni mwa gita, lina kijifereji kimoja kisichofanana na vingine vitano.

Hali yake ya sasa si nzuri. Uso una ufa wa kama shubiri moja kutoka tunduni kwenda chini, na shingo imevutwa mbele hata nyuzi zimepanda, kiasi kwamba ukivuka freti ya saba (vile vyuma vinavyokatiza shingo) vidole vinauma.

Mwanangu wa kwanza, ambaye yuko Maskati na hapigi gita, anataka alitundike sebuleni kwake kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyerithi jina la mjomba. Wa mwisho amesoma kwamba gita la kwanza la John Lennon, yule wa bendi ya Beatles ya Uingereza, lilikuwa galatoni na kwamba liliuzwa mnadani London mwaka 1999, na tangu siku hiyo anazungumza kama mtu aliyegundua dhahabu chini ya kitanda changu. Binti yangu wa kati hana haja nalo, ila mwanawe wa kike, mwenye miaka 14, kila akija kwangu huanza kulitoa kwenye mfuko kabla hata hajanywa maji.

Je, nilitengeneze au niliache lilivyo? Na nimpe nani, kwa njia gani, ili nikishaondoka wasigombane?

Fundi wa Majengo (Mombasa)

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Kabla hujalala leo, tafadhali legeza nyuzi zote sita. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, ile inayoanza na uzi wa inchi 0.012, huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 70 mchana na usiku, hata gita likiwa kabatini, na hizo ndizo zilizoipinda shingo yako.

Galatoni nimekwisha kufungua kadhaa. Yalikuwa magita ya bei nafuu kutoka Afrika Kusini, yaliyotengenezwa ili mtu wa mshahara mdogo aweze kulinunua. Hilo la Lennon lilikuwa na kibandiko ndani kilichoahidi kwamba halitapasuka, basi ahadi hiyo nawaachia mwitathmini wenyewe kwa ufa wa shubiri moja.

Ufa unatibika. Fundi ataupasha unyevu kidogo, ataubana taratibu, atatia gundi, kisha kwa ndani atabandika viraka vya mbao nyembamba vya ukubwa wa ukucha wa gumba, nyuzinyuzi zake zikikatiza zile za uso. Ninachokuomba ni kumwuliza mapema anatumia gundi gani. Akitaja epoksi au ile ya kukauka kwa sekunde chache, mshukuru na uondoke, kwa kuwa gundi hizo hazifunguki tena na fundi atakayekuja miaka 40 baadaye atalazimika kuvunja mbao. Gundi ya ngozi za wanyama huachia kwa joto na maji, kwa hiyo kosa la leo linaweza kusahihishwa kesho. Vilevile usimruhusu alipige msasa na vanishi mpya, kwani wengi hufanya hivyo kwa nia njema ya kumfurahisha mteja, na gita hurudi likiwa linang'aa kama kabati la bwana harusi.

Daraja liacheni lilivyo. Ikiwa uzi unatetema kwenye kile kijifereji, kibanzi chembamba cha mfupa chini yake kinatosha, na alama ya waya wa breki itabaki. Baada ya hapo lifungwe nyuzi nyembamba, za kuanzia 0.010, ambazo hupunguza mvuto hadi karibu kilo 60, nawe ulihifadhi ndani ya kasha lenye kipima unyevunyevu. Gita hupenda asilimia 45 hadi 55, na pwani yetu hii hupita hapo kwa mbali. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu husaidia, mradi vikaushwe mara kwa mara, maana vikishashiba maji havinyonyi tena.

Solo Mstaafu (Dar es Salaam)

Nimesoma habari hii mara mbili, na nakiri kwamba nimekuonea wivu. Watu hushangaa kwa nini nyumba za wanamuziki wa zamani wa Tanzania hazina magita ya kurithisha. Sababu ni kwamba bendi zetu nyingi, tangu NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilikuwa na mwajiri, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mimi nilishika gita moja la umeme kwa miaka 11, nikajua kila kovu lake, na mkono wangu ulikuwa umefuta rangi pale unapoegemea. Siku niliyoacha kazi nililikabidhi stoo, nikatia saini kwenye leja, nikapanda daladala mikono mitupu. Wanangu wana picha yangu nikiwa nalo, basi.

Kwa hiyo rai yangu haina upande wa pili: mpe anayelipiga. Kijana wa Maskati nisimkosee adabu, nafahamu kwamba jina ni jambo zito, lakini gita la mbao nyembamba lililozoea hewa ya Tanga kwa zaidi ya miaka 60, likitundikwa kwenye ukuta wa nyumba inayopozwa na kiyoyozi usiku na mchana, mbao zake zitakauka na kusinyaa, na ufa wa pili utakuja bila kupiga hodi. Yeye apelekewe picha kubwa iliyotiwa fremu, au mojawapo ya yale mawili mengine.

Mkusanyaji (Nairobi)

Nina magita tisa, kwa hiyo naomba kulisemea suala la bei kwa ufupi. Thamani ya lile la London ilitoka kwa Lennon. Galatoni lenyewe, lenye ufa na shingo iliyopinda, halitamlipia mwanao wa mwisho hata kodi ya miezi michache, nawe unaweza kumwambia hivyo bila wasiwasi. Jambo moja nalisisitiza: nunua daftari, uandike habari ya mkaza mjomba na kanga zake, waya wa breki, mwaka na mahali, kisha uliweke ndani ya kasha. Nimewahi kununua magita mazuri kutoka kwa warithi wasioweza kuniambia hata kama marehemu alipiga kwa mkono wa kulia au wa kushoto.

Binti Mkunazini (Unguja)

Shikamoo mzee. Naandika kuhusu njia ya kumpa tu, maana hapo ndipo familia nyingi za Kiislamu hukwama. Wasia hauwezi kumpendelea mrithi mpaka warithi wengine waridhie, kwa hiyo ukimwusia mmoja wa wanao watatu, wale wawili wana haki ya kukataa. Mjukuu wako, kwa kuwa ni mtoto wa binti na wewe una watoto hai, si katika warithi wako, na hivyo unaweza kumwusia bila kuomba ridhaa ya mtu, ilimradi wasia wote usizidi theluthi ya mali.

Iliyo salama zaidi ni hiba, yaani kumpa zawadi ungali mzima. Mwite mbele ya mama yake na mashahidi wawili, tamka kwamba umempa, na kwa kuwa bado ni mtoto kisheria mlezi wake apokee kwa niaba yake, kisha gita litoke kweli nyumbani kwako. Wazee wengi husema "hili ni lako" huku kitu kimebaki chumbani mwao, na baada ya arubaini ugomvi huanzia hapo hapo kwa sababu makabidhiano hayakufanyika. Usingojee ugonjwa wa mwisho pia, maana hiba ya mgonjwa wa mauti huhesabiwa kama wasia. Wako watakaokuambia kwamba ala za muziki hazipewi hukumu hii kabisa. Hilo zungumza na sheikh wako, mimi sitalifungua hapa.

Mzee wa Ngamiani (Tanga)

Nawashukuru, na marahaba binti yangu. Nyuzi nililegeza usiku ule ule, nami nilisikia mbao zikilia kidogo, kama mtu anayeshusha mzigo begani. Nimempigia simu wa Maskati. Alinyamaza kwa muda, kisha akaomba apewe la umeme, mojawapo ya yale mawili mengine, kwa sharti kwamba mjukuu amtumie sauti ya galatoni likishapona. Wa mwisho bado amenuna.

Fundi, nitakuletea Mombasa mwezi ujao kwa basi, katika kanga, kwa kuwa mfuko wake umeoza zipu. Mjukuu wangu atakuja nami, na ametaka nikuulize kama uzi wa kwanza unaweza kufungwa wa breki ya baiskeli kwa siku moja tu, asikie ulivyokuwa. Mimi nimemwambia jibu ni lako.