Kiti kipi cha dirishani kinafaa kwa kutazama mandhari?

Muulizaji
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nitasafiri kwa ndege saa tatu asubuhi, nikielekea kaskazini, na njiani kuna milima ambayo nimetamani kuiona tangu utotoni. Safari iliyopita nililipia kiti cha dirishani, nikajikuta juu ya bawa, na hadi tunaanza kushuka sikuwa nimeona kitu ila bati la kijivu na mistari ya ribiti. Naomba mnielekeze: nichague safu ipi na upande upi?

Mchangiaji wa kwanza
Pole kwa yaliyokukuta. Katika ndege nyingi kubwa mabawa yamepachikwa chini ya madirisha, katikati ya kiwiliwili, kwa hiyo safu zilizo mbele ya bawa ndizo zinazoiona ardhi bila kizuizi. Nyuma kabisa pia panafaa, lakini injini zikiwa zimening'inia chini ya mabawa, hewa ya moto inayotoka humo huifanya ardhi icheze machoni, kama barabara ya lami inavyoonekana wakati wa jua kali. Ndege za pangaboi, kama ATR 72 na Dash 8, zina bawa juu ya madirisha, na humo karibu kila kiti kinaona chini, mradi usikae ubavuni mwa injini.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba madirisha hayakupangwa kufuata viti. Katika Boeing 737, kwa mfano, mabomba ya hewa hupanda ndani ya ukuta mbele kidogo ya bawa, na hapo abiria wa "dirishani" huweza kukuta ukuta mtupu. Tazama ramani ya viti ya ndege hiyo hiyo kabla ya kulipa.

Mchangiaji wa pili
Naafiki, ila mimi huanza na upande, kwa sababu safu nzuri kwenye upande mbaya haisaidii. Ukitazama mbele, kiti A kiko kushoto. Upande wa kulia ni F katika ndege za viti sita kwa safu, na mara nyingi K katika zile pana. Ukienda kaskazini asubuhi, jua litakuwa kulia kwako, nalo likipiga mikwaruzo ya dirisha, kioo chote huwa kama kimepakwa maziwa. Upande wa kivuli anga huwa bluu iliyokolea, na ukibahatika utaona kivuli cha ndege juu ya mawingu, kimezungukwa na pete za rangi za upinde wa mvua. Hiyo milima iko upande gani wa njia?

Muulizaji
Iko magharibi.

Mchangiaji wa pili
Basi chukua A bila kusita. Jua litakuwa nyuma yako, likiimulika milima usoni.

Mchangiaji wa tatu
Ukipiga picha, zima mweko na usogeze lenzi karibu na kioo bila kukigusa, maana mtetemo wa ndege hutia ukungu kwenye picha. Funika pembeni kwa kitambaa cheusi ili taa za ndani zisiakisi. Karibu na sehemu ya chini ya dirisha kuna kitundu kidogo ambapo barafu nyembamba hujikusanya. Pigia juu yake.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nimepata 6A, safu nne mbele ya bawa, na kwenye ramani dirisha lipo.