Dola milioni 102 kwa mrushaji wa mwisho wa mechi: halali yake?

Mzee wa Queens: Wakuu, tujadili bila povu. Novemba 2022 Mets, timu ya besiboli ya New York, walimpa Edwin Díaz milioni 102 kwa miaka 5. Hakuna mrushaji wa akiba aliyewahi kufika huko. Mtu anaingia iningi ya 9, yaani awamu ya mwisho ya mechi, anarusha mipira kumi na kitu, anaenda kuoga. Ni sawa?

Chuma cha Pua: Msimu huo aliwatoa kwa straiki (walishindwa kuupiga mpira wake) wapigaji 118 ndani ya iningi 62 tu. Halafu pesa si zako mkuu.

Mzee wa Queens: Na 2023 alirusha ngapi? Sifuri! Kano ya goti ilikatika akirukaruka na wenzake wa timu ya taifa kwenye mashindano ya mataifa pale Miami, Puerto Rico yao wameshawafunga Wadominika, mechi imeisha. Na yule mdogo wake Alexis, mrushaji mwenzake, analia uwanjani kama mtoto.

Binti Kisauni: Koma hapo hapo. Kaka yake anatolewa kwa kiti cha magurudumu, ulitaka acheke? Una ndugu wewe?

Mzee wa Queens: Dada, tuliza mshono. Nazungumzia pesa.

Binti Kisauni: Umezungumzia machozi. Rudi juu usome.

Shabiki wa Reds: Na huyo "mtoto" mwaka uleule aliitwa timu ya nyota, akaokoa mechi 37 (yaani alilinda uongozi hadi mwisho) kwa Cincinnati Reds. Mshahara wake mwaka huo hata milioni moja haukufika. Huo ndio mjadala.

Chuma cha Pua: Edwin aliokoa 57 akiwa Seattle, 2018. Usilinganishe.

Shabiki wa Reds: Umeruka 2019 makusudi? New York walimzomea mwaka mzima, anaruhusu zaidi ya pointi 5 kwa kila iningi 9.

Mpita Njia: Mimi nalaumu haya mashindano ya mataifa. Klabu inalipa, taifa linavunja.

Chuma cha Pua: Mshahara wa Edwin wa 2023 ulibebwa na bima ya mashindano. Mets hawakuumia mfukoni kama mnavyodhani.

Binti Kisauni: Bado namsubiri mzee afute lile neno.

Mzee wa Queens: Sifuti. Mtu wa milioni mia unarukaje na viatu vya njumu kama uko kwenye harusi?

Binti Kisauni: Aliyeruka Edwin, aliyelia Alexis. Hata unaowasema huwajui.