Baba na Kiwanja cha Kisiwani

Kikundi: NYUMBANI KWETU
Jumamosi, saa 1:05 usiku

Baba: [picha 4]

Baba: Habari za jioni wanangu. Mwezi ujao natimiza miaka 60 na meza ya ofisi nawaachia wenyewe. Hicho mnachokiona ni kiwanja kisiwani. Mita 30 tu mpaka majini. Mimi na mama yenu tunahamia huko.

Zuhura: Shikamoo Baba. Mama anajua?

Baba: Marahaba. Anajua.

Kaka Idi: Shikamoo mzee. Pazuri kweli. Umeshalipa?

Baba: Bado. Anataka arbuni kabla ya Ijumaa, anasema wateja ni wengi.

Zuhura: Wateja huwa wengi siku zote 😂

Dada Rehema: Shikamoo Baba. Niko zamu, nitasoma vizuri baadaye. Swali moja tu, hospitali iko umbali gani?

Baba: Rehema umeshaanza. Mimi naongelea bahari, wewe hospitali.

Shangazi Mwana: Hongera kaka. Nitengee chumba, nitakuja kupunga upepo.

Zuhura: Shangazi hata msingi haujachimbwa keshachukua chumba

Ba'mdogo Hamisi: Kaka, fungua picha ya tatu. Ikuze. Tazama ule mnazi uliolala upande wa kulia.

Baba: Nimeuona. Hapo ndipo nitakapofunga bembea.

Ba'mdogo Hamisi: Shuka chini kwenye shina. Mizizi iko nje, inaning'inia kama ndevu. Nani kafukua mchanga?

Kaka Idi: Bahari.

Ba'mdogo Hamisi: Bahari. Na nyuma yake kuna kisiki kimesimama majini kabisa. Hakikuotea humo. Hizo mita 30 zilipimwa maji yakiwa yamejaa au yamekupwa?

Baba: Sikumuuliza.

Zuhura: Baba anaandika… Baba ameacha kuandika… Baba anaandika…

Baba: Zuhura nakuona.

Ba'mdogo Hamisi: Sikukatazi kaka. Wanao hawakumbuki, lakini mimi nimeishi kisiwani miaka tisa, na mitatu ya mwanzo sikutaka hata kusikia habari za bara. Kosa langu lilikuwa nyumba. Nilijengea mchanga wa ufukweni, kwa sababu ulikuwa bure na uko mlangoni, na fundi akaniambia huku wote tunafanya hivi. Mwaka wa sita nikaona kwenye dari mstari mwembamba wa rangi ya chai. Umenyooka kama mtu kapiga rula. Nikaupaka rangi. Baada ya miezi ukarudi, ukaleta na mwenzake. Usiku mmoja kipande cha zege, ukubwa wa sinia, kikaanguka kwenye mto wa shemeji yako. Alikuwa ameenda msalani. Mpaka leo akilala anatazama juu kwanza.

Shangazi Mwana: Yaani hilo hamkuwahi kunisimulia!

Ba'mdogo Hamisi: Ulikuwa ukinisifia hewa safi, ningekuambiaje.

Kaka Idi: Ule mstari ulikuwa unafuata nondo. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi inaila nondo ndani ya zege, na kutu inajaa nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Inavimba mpaka inalipasua zege kwa ndani. Hewa tu ya karibu na maji inatosha kuanza kazi hiyo, sembuse ukiichanganya chumvi mwenyewe kwa koleo. Mchanga uletwe wa mtoni, kwa boti, au uoshwe sana kwa maji baridi.

Baba: Maji baridi yapo. Kiwanja kina kisima. Nimeonja kwa mkono wangu, matamu.

Kaka Idi: Ulionja lini?

Baba: Safari ile niliyokwenda.

Zuhura: Ile uliyorudi na viatu vya tope?

Baba: Ndiyo. Kulikuwa na mvua.

Kaka Idi: Basi ulionja mvua, Baba. Kisiwa kidogo cha mchanga hakipati maji kutoka mlima wa mbali. Kinachokaa kisimani ni mvua iliyozama ikaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni nyepesi. Hesabu yenyewe ndiyo inayotisha. Maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake yanashuka kama mita 40. Unaona ni mengi. Sasa weka pampu, yavute mpaka yashuke nusu mita tu. Baada ya muda chumvi inapanda mita 20 kukufuata. Kisima cha ndoo kinadumu miaka na miaka, cha pampu kubwa kinageuka maji ya chumvi na majirani wanakuchukia, kwa sababu wote mnakunywa kwenye tone lilelile.

Ba'mdogo Hamisi: Hapo kwa majirani usipite haraka Idi. Mgeni anakuja na pampu, bustani na bafu la kusimama. Mwenyeji amechota ndoo nne maisha yake yote. Kisima kikiharibika hahitaji mtaalamu amwambie ni nani.

Baba: Nitavuna maji ya mvua basi. Mnadhani sikulifikiria?

Kaka Idi: Hapo tuko pamoja. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 2,000, kasoro kinachomwagika. Ila piga na kiangazi. Wewe na Mama mkitumia lita 150 kwa siku, siku 90 bila mvua ni lita 13,500. Kwa hiyo tangi linajengwa kabla ya sebule.

Zuhura: Jamani ni Jumamosi usiku mnafanya hesabu za darasa la tano

Baba: Na vimbunga? Mbona hamvisemi? Nimesoma. Kisiwa kiko nyuzi 3 kusini mwa ikweta.

Kaka Idi: Hapo umetushinda mzee. Vimbunga kwa kawaida havijiundi ndani ya nyuzi 5 za ikweta. Mzunguko wa dunia pale hauna nguvu ya kuusokota upepo.

Baba: Asante. Andika tarehe, Idi kakubali kitu.

Shangazi Mwana: Kaka, huyo anayeuza ndiye mwenyewe?

Baba: Ardhi ni ya ukoo. Yeye ndiye anayewawakilisha.

Shangazi Mwana: Wangapi wametia saini?

Baba: Yeye.

Shangazi Mwana: Mh.

Kaka Idi: Baba, visiwani ardhi ya ukoo si kitu cha saini moja. Kuna nchi zimelifunga kabisa jambo hili. Vanuatu katiba yao inasema ardhi yote ni ya wenyeji wa asili na vizazi vyao. Ukitoka nje unapangishwa tu, mwisho miaka 75. Fiji zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ni ya wenyeji na haiuzwi. Kabla ya arbuni nenda ofisi ya ardhi uone jina lililoandikwa, halafu kawasalimie wenye mipaka upande wa kushoto na kulia bila muuzaji kuwepo.

Baba: Mnanifanya kama mtoto aliyetumwa dukani.

Saa 4:40 usiku

Dada Rehema: Nimetoka zamu. Nimesoma yote. Baba sikuulizia hospitali ili kukukera. Una presha, na dawa ya asubuhi unaikumbuka jioni. Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha, lakini kwa kawaida mwisho wa kuichoma ni saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Na kabla ya kuichoma lazima kichwa kipigwe picha, kwa sababu kama ni mshipa uliopasuka, dawa hiyohiyo inaua. Mashine ya picha hiyo iko bara. Boti ya mwisho inaondoka saa ngapi?

Baba: Saa tisa alasiri.

Dada Rehema: Na mdomo ukienda upande saa tisa na robo?

Baba: Kuna watu wa boti binafsi.

Ba'mdogo Hamisi: Wapo. Nahodha mzuri atakuambia hapana akiona bahari imechafuka, na ndiyo sababu bado yuko hai.

Dada Rehema: Puerto Rico kuna kisiwa kinaitwa Vieques. Mwaka 2017 kimbunga Maria kiliharibu hospitali yao pekee. Wagonjwa wa figo ikabidi wapakiwe kwenye ndege ndogo kwenda kisiwa kikubwa kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Si wiki mbili, ni miaka. Na pale ni chini ya Marekani.

Baba: Tumeshakubaliana vimbunga havifiki kwetu.

Dada Rehema: Sikuongelea upepo Baba, nimeongelea neno "pekee".

Dada Rehema: Na insulini ya Mama? Isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi zinavumilia kama wiki nne kwenye joto la chumba, lakini chumba chenyewe kisizidi nyuzi 30. Umeme wa kisiwani ni wa saa ngapi mpaka saa ngapi?

Kaka Idi: Hilo lina dawa. Sola, betri nzuri, friji ndogo ya kwake tu isiyochanganywa na samaki. Tatizo ni vyuma vinavyoshika paneli. Skrubu za kawaida hazimalizi misimu miwili. Zitafutwe za chuma cha pua daraja la 316, na hata hizo zioshwe maji baridi mara kwa mara.

Ba'mdogo Hamisi: Friji zangu zilikuwa zinakufa kuanzia mgongoni. Mbele zinang'aa, ukizigeuza unakuta ungo.

Saa 5:58 usiku

Baba: Mmemaliza? Sasa na mimi niandike, na Zuhura usihesabu dakika. Nimekaa miaka 34 kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jengo la pili. Najua kila ufa wa ule ukuta. Kuna mmoja unafanana na ramani. Kule kisiwani nilikaa usiku mmoja. Giza liliingia saa kumi na mbili na nusu, hakuna taa hata moja, nikasikia maji yanavuta kokoto, yanaziachia, yanavuta tena. Nililala saa tisa mfululizo, na mama yenu anajua mimi silali. Sijawahi kuwaomba ruhusa ya kitu chochote na leo siombi. Nilitaka mfurahi kwanza, halafu ndio mlete nondo.

Kaka Idi: Samahani Baba.

Dada Rehema: Samahani sana Baba. Kweli tulianzia mwisho.

Zuhura: 😢 ni pazuri Baba. Kweli ni pazuri.

Ba'mdogo Hamisi: Ile sauti ya kokoto naijua. Mpaka leo naiwaza. Lakini kaka nikuambie kilichonirudisha, haikuwa dari. Dari nililitengeneza. Tulirudi kwa sababu saa kumi na mbili na nusu giza, na saa moja shemeji yako ameshamaliza maneno yote aliyokuwa nayo kwangu. Wenyeji walikuwa wema, walituletea samaki, walituzika ndugu zao tukaenda, lakini mke wangu alikuwa "mke wa yule mgeni" mwaka wa kwanza na mwaka wa tisa. Mimi nilikuwa na boti na wavuvi. Yeye alikuwa na mimi.

Ba'mdogo Hamisi: *waliwazika. Simu hii.

Zuhura: "Walituzika ndugu zao" nimelia na kucheka kwa pamoja

Jumapili, saa 2:15 asubuhi

Mama: Nimesoma zote.

Zuhura: Shikamoo Mama. Uishi miaka mingi, tulidhani hauko hewani.

Mama: Marahaba. Nilikuwepo. Nilikuwa nasubiri nione ni nani ataniuliza mimi.

Mama: Idi kaulizia kisima. Rehema kaulizia friji yangu, asante mwanangu. Mwana kaomba chumba. Hamisi ndiye aliyekaribia. Baba yenu kaandika "tunahamia" na mimi nimeisoma kwenye simu kama nyinyi.

Baba: Mama Idi, tulizungumza.

Mama: Ulizungumza. Ulikuwa unapiga mswaki.

Kaka Idi: 🙈

Mama: Msimwonee baba yenu. Ule usiku alivyolala nimeusikia akiusimulia mara tatu, na kila mara uso wake unakuwa mdogo kama alivyonioa. Bahari siikatai. Ninachokataa ni kuhamishwa kama kabati. Kwa hiyo nasema hivi. Kiinua mgongo kikae benki. Tupange nyumba kule miezi minne, na iwe miezi ya mvua, si miezi ya picha. Nataka nione boti ikikatiza safari mimi nikiwa upande wa huko. Nataka nijue kama kuna mwanamke mmoja ninayeweza kukaa naye barazani bila kutafuta la kusema. Nikimpata, nitaiuza hii meza ya chakula mimi mwenyewe. Nisipompata, utakwenda kusikiliza kokoto zako kila likizo na mimi nitakufungashia.

Dada Rehema: Mama 👏🏾 Na dawa zenu za miezi minne nitazipanga mimi, kwenye masanduku mawili tofauti, moja likilowa lingine lipo.

Ba'mdogo Hamisi: Shemeji umemaliza. Na mkifika muulizie choo kinapojaa kinakwenda wapi, kama kiko juu ya kisima. Watu huona haya kuuliza.

Baba: Na arbuni ya Ijumaa? Kiwanja kitaondoka.

Mama: Kama kule kweli ni kuzuri, kuna wazee wengine wamechoka na nyumba zao wanataka kuuza. Muulize Hamisi aliyeinunua ya kwake.

Ba'mdogo Hamisi: Aliyenunua ya kwangu ni mstaafu. Nilimwonyesha dari kwanza. Akaipenda picha ya mbele.

Shangazi Mwana: Kwa hiyo hiyo ya kupanga ina vyumba vingapi?

Zuhura: SHANGAZI

Baba: Nimempigia yule muuzaji. Kasema leo asubuhi kapata mteja mwingine.

Kaka Idi: Amhudumie.

Baba: Na nimemuuliza nyumba ya kupanga. Anayo. Kasema miezi ya mvua hakuna mtu anayeitaka, bei nusu.

Mama: Umemuuliza paa linavuja?

Baba: Kasema kidogo.

Mama: Vyumba vingapi vinavuja kidogo?

Baba: Subiri nimpigie tena.

Mama: Usimpigie. Njoo jikoni tuongee kwa mdomo, mimi na wewe tunatumiana ujumbe na katikati yetu kuna pazia.

Zuhura: Baba?

Zuhura: Mama?

Kaka Idi: Waache.